Maji ya Kumuosha Ami

Mvua ikinyesha Houston, watu wengine huwaza foleni ya magari. Mimi niliwaza shimo. Chini ya jengo kuu la kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi ambacho sakafu yake ilishapasuka, na kila mvua ilipopiga, maji yalipenya kutoka pande zote na kuanza kupanda ngazi. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa. Zamani kilitengeneza vyombo vidogo vya mionzi, vile vinavyoteremshwa kwenye visima vya mafuta kupima miamba, na wenyewe walipoondoka waliacha uchafu wao ndani ya mabomba, ndani ya kuta na ndani ya udongo. Sisi tuliajiriwa kukivunja polepole. Wenzangu walikata mabomba na kubomoa kuta. Kazi yangu mimi ilikuwa maji.

Usidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kila tone lililoingia mle lilichukuliwa kuwa limechafuka mpaka lithibitike vinginevyo. Niliyavuta maji kwa pampu, nikayapitisha kwenye machujio, nikayahifadhi kwenye matangi, nikachukua sampuli na kusubiri majibu ya maabara. Majibu yakiwa mabaya, yanarudi kwenye machujio. Yakiwa mazuri, yanaruhusiwa kwenda zake. Halafu mvua inanyesha tena. Na ukiyatazama yalikuwa maji tu, meupe, hayana harufu, mtu mwenye kiu angeyanywa. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Jicho halikuwa na kazi pale, ilibidi ukiamini kidude kinacholia tik, tik.

Kabla ya kutoka kila jioni tulipimwa. Unapitisha kipimo juu ya kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kisha nyayo. Mimi nilianza na mkono wa kulia, kwa mazoea ya udhu, na msimamizi wangu alinisifu kwamba mimi peke yangu sikosei mpangilio. Sikumweleza. Kila siku nilitoka pale nikiwa safi kuliko nilivyoingia, na kila siku niliendesha gari kurudi nyumbani nikijiona mchafu.

Hii ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Jamaa zangu wa Zanzibar walikuwa Dallas na miji ya jirani, na kwa muda mrefu niliwaambia mimi ni fundi wa pampu. Si uongo, pampu nilizitengeneza kweli. Lakini habari haifichiki, na sikukuu moja nilipofika kwa mtoto wa ami yangu, mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, nilikuta wameshajua. Wakaanza utani. "Zimeni taa, mtamuona anawaka." Nilicheka pamoja nao. Kisha kikaja chakula. Wote wakapewa sahani za udongo, mimi nikapewa ya karatasi, na bilauri ya plastiki, ile ya kutumia na kutupa. Mke wa mtoto wa ami aliiweka mbele yangu kwa heshima kabisa, na mimi nikashukuru. Pilau ile siikumbuki ladha yake. Nakumbuka masikio yangu yalivyopata moto.

Ami ndiye aliyeiona. Alikuwa mdogo wake marehemu baba, mzee mwembamba aliyestaafu kazi ya ghala kule Grand Prairie, mwenye mdomo mkali na moyo mwepesi. Alisogea akakaa karibu yangu, akaimimina pilau yangu kwenye sahani yake, akaikunja ile ya karatasi na kuitupa. "Tule pamoja," alisema. "Mimi mzee, sina muda wa kuota pembe." Tukala sahani moja. Halafu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, akasema, "Nami nikifa, anioshe huyu. Mikono yake inapimwa kila siku. Yenu nyinyi kaipima nani?"

Watu walicheka, ila mimi na yeye tulijua hakuwa akitania. Baba yangu aliosha maiti kwetu Zanzibar, na mimi nikijifunza kwake toka nina nguvu za kubeba ndoo. Yeye ndiye aliyemuosha babu, na ami alikuwa akimwagia maji. Kuosha ni ufundi, lakini baba alinifundisha kwanza kunyamaza. Ukiona kidonda, hukukiona. Ukiona alama, hukuiona. Maiti hawezi kujitetea, kwa hiyo muoshaji anamfunika mara mbili, kwa nguo na kwa mdomo wake. Ami alitaka kuoshwa na mtu wa nyumba ile, aliyelelewa na maneno yale, na hapa Marekani mtu huyo nilikuwa mimi tu.

Ami alinipigia simu Alhamisi moja, magharibi. Aliuliza hali, akauliza mvua, akazungukazunguka kama kawaida yake anapokuwa na jambo.

"Leo tumekuwa wenzi mimi na wewe," alisema mwisho. "Wamenichoma sindano hospitali, dawa ya kupigia picha ya moyo. Daktari kanambia ina mionzi kidogo. Nikamwambia, nna mwanangu Houston anafanya kazi hiyo hiyo, ntamuuliza yeye."

Nikamuuliza daktari kasema nini juu ya moyo wenyewe.

"Hilo silo nlokupigia. Nataka kujua, nimbebe mjukuu ama nisimbebe?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, dawa ile ni kidogo na inakwisha yenyewe mwilini, ila kwa siku chache asimpakate mtoto kwa muda mrefu. Alifurahi. Nadhani alifurahi kuwa kuna kitu anaweza kukiuliza kwangu na si kwa mwengine. Nikarudi kwenye moyo. Akanambia mishipa imeziba, wanamtaka Jumatatu, na mpaka hapo asinyanyue kitu kizito.

"Kijana anajua?" Nilikuwa na maana ya mtoto wake.

"Hajui wala asijue. Jumamosi anahama Vickery, anaingia nyumba yake mwenyewe, Grand Prairie. Miaka yote hii anaitafuta. Nikimwambia ataahirisha, atanikalisha kitako kama mgonjwa. Mimi ntakwenda nikae kwenye kiti niwaangalie wanavyobeba. Na wewe usimwambie. Uniahidi."

Nikamuahidi. Nikamwambia tu, ami, usishike kitu. Akacheka, "Mzee kama mimi watanibebesha nini?"

Walimbebesha mashine ya kufulia. Rafiki aliyeahidi kuja kusaidia hakutokea, na mashine ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zile za nje za Vickery ni nyembamba. Mtoto wa ami alinieleza mwenyewe baadaye, analia: "Nlimwambia tu, baba, shika hapa kidogo." Ami akashika. Waliifikisha chini salama. Ami akakaa juu ya ngazi ya mwisho kupumua, na hakuinuka.

Walimkimbiza hospitali ya karibu, ambayo siyo ile ya Alhamisi, wakaambiwa moyo umesimama. Mzee keshaishi miaka yake, ndivyo walivyosema watu, na mtoto wake akashika neno hilo kwa mikono miwili.

Habari ilinikuta kazini, mvua ya Ijumaa ikiwa bado inaniangusha jasho kwenye shimo. Msimamizi alinipa ruhusa hapo hapo. Akaniomba kitu kimoja: kwa kuwa nakwenda huko, nichukue kipimo kimoja ambacho muda wake wa kusahihishwa umefika, nikifikishe Jumatatu kwenye karakana ya vipimo upande wa Plano. Nikakitia kwenye kiti cha nyuma. Niliondoka na koti la kazini, lile safi la kuvaa nje ya eneo, sikupita hata nyumbani. Njia nzima ya kwenda Dallas nililia na kujilaumu kwa zamu, kwa sababu nilikuwa najua, na mtu aliyejua alikuwa umbali wa simu moja tu kutoka kwa mtoto wa ami. Neno moja lingetosha. Lakini niliahidi, na tena, kusema kweli, niliona fahari kidogo kuaminiwa.

Jumapili asubuhi maiti ilifikishwa kwenye chumba cha kuoshea, nyuma ya msikiti. Tulikuwa wanne: mimi, mtoto wa ami, mzee mmoja wa Lamu anayeendesha teksi, ambaye ndiye msimamizi wa majosho yote pale, na kijana mmoja wa Kisomali wa kuleta kafuri na sanda, ambaye alisimama mlangoni. Ami alikuwa juu ya meza ya bati, amefunikwa. Nilivua koti nikalitundika begani kwa haraka kwa kukosa msumari, nikakunja mikono ya shati, nikasogea.

Mtoto wa ami akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka, samahani," alisema. "Wewe usimshike."

Nikamwambia baba yake aliusia. Akasema anajua, alikuwepo, ule ulikuwa utani wa sikukuu. "Mimi sina ubaya na wewe. Lakini ile kazi yako, kaka. Baba anakwenda kwa Mola wake. Nataka aende msafi."

Nataka nieleze nilivyojisikia, maana ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Sikukasirika kwanza. Kwanza niliona aibu, aibu ya yule mtu wa sahani ya karatasi, nikaitazama mikono yangu mwenyewe kana kwamba ni kweli. Hasira ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya kuitazama. Nikasema mikono hii ni safi kuliko mikono yote ya Texas. Nikasema inapimwa.

"Basi tui-check," alisema mtoto wa ami. Hakusema kwa kejeli, alikuwa akitafuta njia ya kunikubali. "Nimeiona ile machine kwenye gari lako. Ilete. Ikisema safe, muoshe."

Mzee wa Lamu akasema, "Jamani, mbele ya maiti?" Ila mimi nilishatoka.

Nilikileta. Nilisimama upande mmoja wa meza, nikakiwasha, nikakisogeza kwenye kiganja cha kulia. Tik. Kimya. Tik, tik. Ndiyo sauti ya kawaida, hata ukipima hewa inalia hivyo. Mgongo wa mkono, vidole, kisha kushoto. Niliwaeleza kama mwalimu, nikapunguza mwendo ili wasikie vizuri. Nilikuwa nimesahau kilio, nimesahau hata nani amelala pale. Nilikuwa nashinda kesi. Nikamwambia mtoto wa ami, umesikia? Na nikashusha mkono ili nikizime, kile kichwa cha kipimo kikapita juu ya kifua cha ami.

Kikaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria.

Na sasa nasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha. Si mimi. Kabla sijakumbuka simu ya Alhamisi, kabla sijakumbuka kuwa huyu ni ami yangu, moyo wangu uliruka kwa raha kwamba mchafu amepatikana na si mimi. Ilidumu kwa muda wa kupepesa jicho tu. Lakini niliihisi, na ilikuwa tamu.

Halafu nikakumbuka. Sindano. Mjukuu. Asijue.

"Nini hiyo?" Mtoto wa ami alirudi nyuma. "Kaka, nini hiyo? Ni baba?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi na la kweli: babako alikwenda hospitali Alhamisi, alipigwa picha ya moyo, hii ni dawa tu, haina madhara kwa mtu yeyote. Nilijua hivyo kwa hakika, la sivyo nisingenyamaza. Lakini swali la pili lingefuata. Alhamisi? Alikuwa anaumwa? Daktari alisema nini? Na hapo tungefika kwenye ngazi za Vickery, na mashine ya kufulia, na baba, shika hapa kidogo.

Nikazima kipimo.

"Ni mimi," nilisema. "Ni koti langu hili. Nimetoka nalo kazini moja kwa moja."

Koti lilikuwa begani kwangu, karibu na mkono ulioshika kipimo. Ilitosha. Mtu akiwa na hofu hahitaji maelezo marefu. Yule kijana wa kafuri alishatoka mlangoni. Mtoto wa ami alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa, na kilichonikata ni kwamba macho yake yalikuwa na nafuu ndani yake. Alikuwa anaogopa vitu vingi siku ile, na mimi nilimpa kitu kimoja cha kukiogopa ambacho kilikuwa na miguu ya kuondokea.

"Toka nje, kaka," alisema taratibu. "Tafadhali. Na usiguse kitu."

Mzee wa Lamu alinitazama mimi, akaitazama meza, akachukua ndoo.

Nilikaa nje kwenye ukingo wa saruji, kipimo mapajani. Kupitia mlangoni nilisikia maji. Nilijua wako wapi kwa kusikiliza tu: sasa wanamtawadhisha, sasa kichwa, sasa upande wa kulia, sasa wa kushoto, sasa yale ya mwisho yenye kafuri. Mzee wa Lamu alikuwa na mkono mzuri, hakuwa na pupa. Maji yalishuka mezani yakaingia kwenye mfereji wa sakafuni na kwenda zake. Kule kazini tone kama lile lisingetoka bila mimi kulichukulia sampuli. Hapa yalikuwa yakinipita, maji ya ami yangu, na mimi ndiye pekee niliyezuiwa kuyashika.

Kaburini nilisimama safu ya nyuma. Habari ilishanitangulia. Watu walinipa mkono wa pole kwa kuweka mkono kifuani, kutoka mbali kidogo.

Sitaji majina, na sasa unajua kwa nini. Yule ninayemficha yuko hai, ana wajukuu, na huwa anasema baba yake alikufa bila kuugua hata siku moja, neema ya Mungu. Vitabu vya Kiswahili hasomi. Mama yake ndiye aliyebaki akinitia moyo kuyaandika haya, na sasa naye hayupo.

Kwa sababu mama mdogo, mke wa ami, alijua. Hilo nililigundua siku ile ile, jioni, kwenye nyumba mpya ya Grand Prairie. Maboksi yalikuwa bado yamefungwa, wanaume wamekaa chini sebuleni kwa kuwa viti havijapangwa, na ile mashine ya kufulia imesimama katikati ya ukumbi ambako hakuna aliyetaka kuisogeza. Mama mdogo alikuwa ameingia eda, yuko chumbani na wanawake. Akatuma niitwe nisimame nyuma ya mlango. Mlango ulikuwa wazi kidogo tu, nikawa nasikia sauti yake bila kumuona.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeambiwa yalotokea. Nimeambiwa koti. Koti hilo nalijua mimi. Alinambia asubuhi ya Jumamosi, tunavaa kwenda. Sindano na yote. Nkamwambia usende. Akanambia niyamaze, nami nkanyamaza."

Nilisogea karibu zaidi na mlango.

"Nkamuona anashuka na ile mashine," alisema. "Nlikuwa chini, nimeshika mapazia. Nkafungua mdomo, nkamuona mwanangu alivyo na furaha. Nkaufunga."

Alilia kidogo, bila sauti, nilijua kwa pumzi tu. Kisha akasema, "Umemsitiri ami yako. Umemsitiri na mwanangu. Mwenyezi Mungu akusitiri na wewe."

Muislamu akiombewa dua anaitikia amina. Mdomo wangu ulikataa. Niliisikia tena ile tatatata ya kipimo, na ile raha iliyonijia kabla ya kitu chochote kingine, na nikaona nikisema amina nitakuwa nimemuibia. Nilitaka kumwambia, mama, si hivyo unavyodhani. Lakini ningemwambia ili nipumue mimi, na yeye alikuwa na mzigo wa kutosha. Nikasema tu, "Pole, mama."

Mkono wake ukatokea kwenye ule upenyo. Ulishika bilauri ya maji, ya kioo, zile zenye ua dogo pembeni walizokuwa wakiwawekea wageni wa maana. "Kunywa," alisema. "Umetoka mbali." Niliipokea, nikanywa palepale nimesimama, nikaimaliza yote.

Niliipeleka jikoni mwenyewe. Mtoto wa ami alikuwa pale peke yake, ameegemea sinki. Aliniona na bilauri mkononi, nikamuona anahangaika, maana hakutaka kunivunjia heshima. Akachana karatasi ya kufutia, akaipokea bilauri kwa karatasi ile, akaizungushia vizuri, akaiteremsha kwenye pipa la taka taratibu ili isilie.

"Samahani, kaka," alisema. "Nna mtoto mdogo humu ndani."

Nikamwambia hakuna neno, amefanya vizuri.